Sala ya Sindano

Mwanangu Upendo,

Katika mji huu wote wa Makambako, kuanzia relini mpaka njia panda ya Songea, hakuna mtu mwenye bahati kama baba yako. Wapo wenye malori, wapo wenye gesti za ghorofa, wapo waliouza msitu mzima wa mbao wakajenga. Hao ni matajiri. Mimi nina bahati, na bahati ni kitu kingine. Mimi ndiye mtu aliyepiga goti mara moja tu katika maisha yake, kando ya kitanda cha hospitali, akaomba sala isiyofika dakika mbili, na mtoto wake akafumbua macho. Kuna watu wanafunga na kukesha mwaka mzima hawapati jibu. Mimi mara moja. Madereva wa Zambia wanaijua habari hii, wa Kongo wanaijua, nimeisimulia huku nimeshika spana mpaka matairi yenyewe yanaijua.

Nawe umekua ukiisikia. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani na kalamu, mimi niliyeacha shule darasa la sita na sifa moja tu, ya kuchekesha.

Kesho asubuhi unapanda basi la Dodoma. Mambo ya dawa ikae wapi kwenye joto la huko, ule saa ngapi, kadi ya kliniki uitunze vipi, mama yako amekuandikia karatasi nzima mbele na nyuma. Sina la kuongeza. Mimi naandika kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumapili.

Ulikuwa unakunja nguo. Ukasema, "Baba, kuna dada wa huko chuoni tunaandikiana kwenye simu. Wana kikundi chao cha maombi. Anasema kuna mwenzao alikuwa na sukari kama mimi, akaombewa, akatupa sindano. Mpaka leo mzima."

"Eeh," nikasema.

"Sasa na wewe si uliomba mara moja tu nikaamka? Labda hata mimi njia ipo, ila tulichelewa kuitafuta."

Nikafanya kama nilivyozoea. Nikajipiga kifua. "Baba yako huko juu hapangi foleni! Anaingilia mlango wa nyuma!" Ukacheka. Halafu ukafunga begi, na kile kiboksi cha sindano kikabaki juu ya kitanda.

Nilikiona. Mama yako amekitia ndani ya begi mara mbili tangu siku ile, na mara mbili nimekikuta kimerudi kitandani. Nyumba nzima inazunguka kiboksi kama kuku anavyozunguka nyoka. Nikajiuliza nani amekufundisha kuwa kinaweza kubaki, nikaona jibu linanikodolea macho kwenye kioo.

Basi ngoja nianze mbali kidogo.

Ulikuwa na miaka minane ulipoanza kukonda. Ulikuwa unakunywa maji kama rejeta inayovuja. Bibi yako, mama yangu, alikuwa ameshahamia kwetu kutoka Matembwe, na yeye ndiye aliyeona sisimizi wamejaa nyuma ya nyumba mahali ulipokojoa. Akaja kuniambia kibandani. Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Mtoto wangu mtamu, mama, mpaka wadudu wanajua." Wateja wakacheka sana. Nikairudia mbele ya kila aliyekuja kuziba pancha wiki ile. Wiki nzima, Upendo. Wakati mimi navuna vicheko, wewe ulikuwa unaisha. Mzaha ule ulikuwa mzuri, na sijawahi kuusema tena.

Hospitali wakatuambia ni kisukari, kile cha watoto, na kwamba sindano ni kila siku, maisha yote. Nesi akauliza nani atajifunza kuchoma. Nikajitokeza mbele. Mimi ninayemenyana na tairi la semi peke yangu! Nikashika kile kisindano, chembamba kama unywele, nikakiangusha mezani mara mbili. Bibi yako akaninyang'anya. "Kaa pembeni," akasema, "wewe umezoea vitu vikubwa." Akafundishwa mara moja, akaweza.

Asubuhi ya kwanza nyumbani ulijificha chini ya kitanda ukang'ang'ania mguu wa kitanda. Mama yako analia, mimi nakuahidi baiskeli. Bibi akanawa mikono. Alitandika kitambaa safi mezani, akaweka sindano katikati ya sahani ya bati kama anaandaa chakula, akavuta kiti, akaita, "Haya, njooni mezani. Tuombe."

Wewe ulikuwa mtoto wa nyumba ya Kilutheri, ukisikia tuombe mezani miguu inakuja yenyewe. Ukatoka, ukakaa, ukafumba macho.

"Ee Bwana," bibi akasema, "tunakushukuru kwa sindano hii. Mbariki aliyeitengeneza, mbariki na yule nesi mwenye ukali. Mbariki Upendo, ambaye sasa hivi ametulia. Amina."

Ulipofumbua macho sindano ilikuwa imeshaingia na kutoka.

"Bibi, umeniibia!" ulipiga kelele, na ulikuwa umekasirika kweli, halafu ukaanza kucheka, na mama yako naye akacheka na machozi yake usoni. Kuanzia kesho yake ukataka uombe wewe. Na ulivyokuwa mjanja, ukawa unairefusha sala ili kuchelewesha sindano. Unawabariki walimu, mbuzi wa jirani, madereva wote wa barabara ya Songea mmoja mmoja. Bibi anasubiri na sindano mkononi. "Fupisha, mama, uji unapoa."

Siku moja nikamwuliza, "Mama, kweli unaiombea sindano kama ugali?"

Hakugeuka hata kunitazama. "Ugali ukikosekana siku moja tunalala njaa tunaamka. Hii ikikosekana, ataamka nani? Ipi ya kushukuru zaidi?"

Mimi nilikuwa nadhani imani ni kumwomba Mungu akuondolee ugonjwa, akikataa basi, mmeachana. Bibi yako aliomba upone, sitakudanganya, nilimsikia kila siku. Ila hakuwahi kuacha nafasi kati ya Amina na sindano. Kwake yalikuwa jambo moja. Na hofu, ambayo mimi ilikuwa imenishika mpaka nashindwa kula, yeye sikuiona kwake. Huenda alikuwa nayo, ila kila asubuhi alikuwa na mahali pa kuipeleka. Mimi yangu nilikuwa naipeleka kilabuni.

Na wale kina mama wa jumuiya, wanaosali nyumba kwa nyumba. Kumbuka Alhamisi ilipofika zamu ya nyumba yetu. Hawakuuliza ni dhambi ya nani. Waliangalia tu kikombe chako, wakaona hakina sukari, na kuanzia siku ile ikawa sheria: nyumba ya Upendo chai bila sukari kwa wote. Watu wa Lupembe, kwenye mashamba ya chai, waliokunywa chai ya sukari tangu utotoni kama maji, wanakunja uso wanameza! Mzee mmoja mpenda sukari akawa anakuja na ya kwake kwenye karatasi mfukoni. Bibi akamkamata anakoroga chini ya meza. "Mzee, unamficha Mungu au mtoto?" Mzee wa watu akamwaga. Nilicheka siku tatu. Lakini niliona pia kwamba wewe, uliyekuwa umeacha kukaa na wageni, ulikaa pale mpaka wimbo wa mwisho, na ulishika kikombe kama wenzako.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Hili hujui.

Ulikuwa na miaka tisa. Mkutano wa injili ulikuja mjini, hema kubwa, vyombo vya muziki vinasikika mpaka relini. Siku hiyo mchana ulikuwa umetoka kliniki, sukari imekaa vizuri kuliko siku zote, nesi amekusifu. Nikakupeleka mkutanoni, mimi ambaye kanisani naonekana Krismasi. Muda wa ushuhuda ukafika. Akapanda dereva mmoja akashuhudia jinsi lori lake lilivyokatika breki kwenye mteremko na kusimama lenyewe. Uwanja ukalipuka, vigelegele, watu wanarukaruka. Nikaona, aa, siwezi kushindwa na breki.

Nikakuweka mabegani, nikapanda jukwaani. Nikasema, "Mtoto huyu alikuwa na kisukari! Leo hospitali wamempima, hana kitu!"

Upendo, sijawahi kushangiliwa vile. Watu walilia. Nilihisi mwili mwepesi kama nimejazwa upepo. Yule mhubiri, nimtendee haki, aliinama akaninong'oneza, "Ndugu, mrudishe kwa daktari wakathibitishe, na dawa msiache." Nikamwitikia kwa kichwa huku nawapungia watu mkono.

Kesho yake kibandani kwangu ikawa kama sikukuu. "Baba Ushuhuda!" ndilo jina nililopewa. Watu wanaleta matairi mazima nikague, wapate kusikia tu. Siku ya pili ya sifa, jirani mmoja alipita nyumbani asubuhi akamkuta bibi na sindano. Akaja kwangu moja kwa moja. "Baba Ushuhuda, kumbe mtoto bado anachomwa?"

Alisema kwa sauti, mbele za watu.

Mwanangu, hapo mtu mwenye akili angesema, jamani, nilizidisha maneno. Sentensi moja tu. Mimi nikaenda nyumbani, nikatoa chupa ya dawa kwenye chungu cha pembeni ilikokaa baridi, nikaificha kwenye sanduku langu la vifaa, chini ya jeki. Nikamwambia bibi kwamba hospitali wamesema tupumzishe kwanza. Mama yako alikuwa Matembwe kwa dada yake aliyejifungua. Bibi aliniangalia sana. "Hospitali ndiyo iliyosema?" Nikasema ndiyo. Aliniamini kwa sababu mimi ni mwanawe, na kwa sababu hakuna mama anayewaza jambo kama lile.

Watu wakisikia watasema nilikuwa na imani kubwa mno. Sikuwa na imani kabisa. Mwenye imani alikuwa bibi, na yeye asingeitupa ile chupa hata kwa kushikiwa panga. Mimi nilikuwa na aibu, basi. Nililinda jina langu kwa mwili wako. Huko uendako, akija mtu kukuambia acha dawa ndiyo uonyeshe imani, mwangalie kwanza kama hana jukwaa analolilinda.

Asubuhi ya tatu bila dawa ulitapika. Ulikuwa unahema haraka kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yako inanukia kama ndizi zilizoiva mpaka zikaoza. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenda kazini. Bibi akakufunga mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka tisa, yeye na magoti yake mabovu, akatafuta bajaji.

Ya hospitali unayajua, nimekusimulia mara elfu. Nitayarudia mwisho.

Ulipotoka hospitali, bibi, aliyekuwa ameshaambiwa na nesi kwamba hakuna aliyesimamisha dawa, alifungua sanduku la vifaa mwenyewe. Hakuniuliza funguo iko wapi. Akatoa ile chupa, akaitazama, akaitupa kwa sababu ilikuwa imekaa joto, akaanza nyingine. Asubuhi ile sahani ikarudi mezani. "Tuombe." Na sala ilikuwa ile ile, hakuongeza neno la kunichoma. Ningependa angeongeza.

Nataka pia ukumbuke mwisho wa bibi, maana wewe ulikaa karibu naye kuliko mimi. Moyo ulipochoka na miguu ikavimba, aliombewa na jumuiya nzima, wachungaji wakaja, na hakupona. Mimi nilitegemea nimwone ameudhika. Amemtumikia Mungu miaka yote, angalau angepewa miguu. Nikamwuliza, kwa mzaha wangu mbaya, "Mama, huko juu wamekusahau?" Akasema, "Nani kasahauliwa? Nyumba imejaa watu wanakunywa chai isiyo na sukari." Alimeza vidonge vyake vyote mpaka siku ya mwisho, na nesi alipokuja nyumbani na sindano akakuita wewe. "Upendo, iombee. Fupi." Ukaiombea. Alifariki siku mbili baadaye akiwa ametulia kuliko sisi wote tuliokuwa wazima. Mimi sina elimu ya mambo haya. Naziba pancha. Najua tu kwamba upepo hauonekani na tani thelathini zinakaa juu yake, na najua kwamba hakuna upepo unaokaa kwenye tairi lililochanika mpaka kwanza lizibwe. Bibi yako alikuwa na vyote viwili, kiraka na upepo. Hakuwahi kuvigombanisha.

Kwa hiyo huko Dodoma nenda kwenye kikundi chao. Nenda kabisa. Utakuwa mgeni, utaumwa siku moja na mama yako yuko mbali, na utahitaji watu wa kushika kikombe na wewe. Wakiweka mikono kichwani, inamisha kichwa. Yule mwenzao aliyetupa sindano simjui, sitamsema. Ila asubuhi, tandika kitambaa, weka sahani ya bibi, nimeifunga kwenye kanga nyekundu katikati ya begi. Omba, choma. Ukitaka kuwabariki madereva wote wa barabara ya Songea, wabariki, hakuna wa kukuambia uji unapoa.

Barua hii nimeiweka ndani ya kiboksi cha sindano, juu kabisa. Kama unaisoma, ina maana umekifungua, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Sasa nilipe deni langu.

Siku ile bibi alipokubeba, bajaji ilisimama mbele ya kibanda changu. Nilikuona. Kichwa chako kilikuwa kinayumba. Bibi akasema, "Panda, twende." Nikasema, "Tangulieni, nafunga kibanda." Nikafunga. Halafu nikadandia lori la mbao lililokuwa linarudi tupu Njombe, nikaenda kukaa kilabuni, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ulikuwa umechanganya, nikazima simu. Nilijua nimekuua, na sikutaka kuwepo watakapolisema. Nilirudi kesho yake saa tano asubuhi nikakukuta umekaa unakunywa uji, na mama yako ameshafika kutoka Matembwe amesimama mlangoni.

Alimwuliza bibi mbele ya wodi nzima, "Baba Upendo alikuwa wapi?"

Bibi yako, ambaye hakuwahi kumdanganya hata kuku, akasema, "Alikuwa anaomba."

Tulipotoka nje akaniambia, "Nimekusitiri leo. Kujifunua ni kazi yako." Hakulitaja tena mpaka anazikwa. Yale mengine, goti, kitanda, dakika mbili, nimeyaongeza mimi mwenyewe kidogo kidogo, miaka kumi na moja. Mama yako hajui. Kesho basi likishaondoka nitamwambia tukiwa tunarudi kwa miguu.

Aliyeomba ni bibi. Aliyekuchoma ni nesi. Mimi sikupiga goti, Upendo. Sikuomba sala yoyote. Sikuwepo.

Baba yako